Kasuku wa Nyumbani na Afya ya Familia

Wapo miongoni mwetu wanaomfuga kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kwa kuwa huiga salamu zetu. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa upole mtoto Abu Umayr habari za kindege chake, na wanazuoni wengi wamepata humo ruhusa ya kufuga ndege, madhali anatunzwa.

Kumtunza huyu si kazi nyepesi. Huficha maradhi, kwani porini ndege dhaifu ndiye huwindwa kwanza. Akitutumua manyoya, akasinzia mchana kutwa, mkia ukitikisika kila avutapo pumzi, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Anayejinyonyoa huenda ni mpweke tu. Parachichi asipewe kabisa. Ni sumu kwake.

Tunalihimiza hili kwa sababu homa ya kasuku huambukiza watu pia, kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu, ikadhaniwa mafua. Tundu lirowanishwe kabla ya kusafishwa. Anayeugua amweleze daktari kwamba anafuga kasuku, kwani dawa yake kwa kawaida ni doksisaiklini, wala si amoksilini ambayo wengi hukimbilia wakohoapo.