Bahari ya Maneno na Bahari ya Picha: Hadithi za Uvuvi na Dhoruba Kitabuni na katika Filamu

1.0 Utangulizi

Wahakiki wanaolinganisha kitabu na filamu iliyotokana nacho aghalabu huuliza swali moja tu: je, filamu imekifuata kitabu kwa uaminifu? Swali hilo lina nafasi yake, lakini kwa msomaji wa Kiswahili anayekabiliana na hadithi za bahari halitoshi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, inapohusu uvuvi na dhoruba, tofauti kubwa kati ya vyombo hivi viwili vya usimulizi iko katika kutaja. Kitabu huitaja bahari bila kuionyesha. Filamu huionyesha bila kuitaja. Uzito wa tofauti hiyo huonekana zaidi kwa mtu aishiye mbali na pwani. Kwa sababu hiyo, msomaji anayefikiriwa hapa ni yule wa Mkuyuni, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

2.0 Msomaji wa bara na lugha ya mabaharia

Mkuyuni si nchi ya mabaharia. Samaki wa huko ni perege na kambale. Wa baharini hufika akiwa amekwisha kukaushwa. Hata hivyo, bahari haiko mbali kama inavyodhaniwa. Maji ya miteremko hiyo huingia Mto Ruvu, nao Ruvu humwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mvua inayoyajaza maji hayo huletwa na pepo zitokazo baharini.

La muhimu zaidi kwa mwanaisimu ni kwamba bahari imo kinywani mwa kila mwanafunzi wa Mkuyuni. Anaposema kaskazini na kusini, anatumia majina ya pepo mbili zilizoendesha majahazi kwa karne nyingi: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na iliyowaleta wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi, na kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na iliyowarudisha kwao. Maneno hayo yalipopanda bara yaligeuka kuwa pande za dunia, na upepo ukatoka ndani yake.

Yapo mengine ambayo hayakubahatika kusafiri hata kwa namna hiyo. Bamvua na maji mafu, matlai na umande, foromali, chubwi: haya yamebaki kwa wavuvi na katika kamusi. Omo na tezi hukaririwa darasani kwa sababu ya methali, na wengi wanaozikariri hawajapata kuona ni upande upi wa chombo. Msomaji wa namna hii anapofungua kitabu cha bahari hukutana na maneno asiyokuwa na picha yake. Anapotazama filamu ya bahari hukutana na picha asizokuwa na maneno yake.

3.0 Mzee wa Hemingway

Mfano ulio karibu zaidi na mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki ni riwaya fupi ya Ernest Hemingway, *The Old Man and the Sea*, iliyotoka mwaka 1952 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzee na Bahari*. Mwandishi mwenyewe hakuwa mgeni wa maji haya: alivua Malindi mwaka 1934, na mwaka 1954 alikaa Shimoni, kusini mwa Mombasa, baada ya kunusurika katika ajali mbili za ndege nchini Uganda. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka huohuo.

Mzee Santiago amekaa siku 84 bila kupata samaki. Anavua kwa mshipi wa mkono, peke yake, katika kijichombo ambacho mvuvi wa ngarawa angekielewa mara moja. Samaki anayenasa ni wa jamii ambayo watu wa pwani huiita sulisuli au nduwaro, naye ni mrefu kuliko chombo chenyewe. Katika kisa chote hamna dhoruba. Tufani imo akilini mwa mzee tu: ni Septemba, na anawaza kwamba dalili zake hutangulia angani siku kadhaa kabla, ila kwa anayejua kuzisoma. Mambo yote makubwa hutokea katika mkono unaoshika mshipi na katika fikira za mwenye mkono huo.

Filamu ya mwaka 1958, iliyokamilishwa na mwongozaji John Sturges baada ya Fred Zinnemann kuiacha, ilikumbana na ugumu huu. Sehemu kubwa ilipigwa katika bwawa la studio. Baadhi ya picha za samaki akiruka zilitokana na uvuvi halisi wa mwaka 1953 huko Peru, Alfred Glassell alipomnasa samaki mkubwa wa jamii hiyo. Mtazamaji makini huona mshono: maji ya studio yana rangi moja, maji ya Peru yana rangi nyingine. Lakini hilo ni dogo. Jambo zito ni kwamba Spencer Tracy, anayemwigiza mzee, ndiye pia anayesimulia, na usimulizi wake umeegemea maneno ya riwaya. Wapo walioiona mbinu hii kuwa udhaifu, kwa hoja kwamba filamu inapaswa kuonyesha, si kusoma. Hoja hiyo haina nguvu hapa. Uso wa mtu aliyeshika kamba kwa saa nyingi haumwambii mtazamaji kina cha maji, uzito wa chambo, wala kwa nini mshipi uachiwe badala ya kuvutwa. Waliotengeneza filamu hii walitambua kwamba picha imefika mwisho wake, wakaliita neno.

Mfano wa kinyume ni *Moby Dick* ya John Huston (1956). Riwaya ya Herman Melville ya mwaka 1851 ina sura nzimanzima zinazoeleza aina za nyangumi, kamba na zana. Filamu iliziacha, ikabakiza msako na mawimbi. Chombo kilichotumika kiliongozwa na Alan Villiers, baharia aliyesafiri kwa jahazi la Wakuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, safari iliyomzalia kitabu *Sons of Sinbad* (1940). Katika kitabu hicho pepo, matanga na kazi za mabaharia hufafanuliwa kwa kirefu. Katika filamu ujuzi wake umo kwenye namna chombo kinavyokata maji, bila neno lake hata moja kumfikia mtazamaji.

4.0 Dhoruba isiyokuwa na shahidi

Swali la kutaja huwa pia swali la ukweli. Mwishoni mwa Oktoba 1991 chombo cha uvuvi *Andrea Gail*, cha Gloucester nchini Marekani, kilipotea katika Atlantiki pamoja na watu sita. Hakuna aliyerudi. Sebastian Junger alipoandika *The Perfect Storm* (1997) alikuwa na taarifa za redio, vipimo vya hali ya hewa na ushuhuda wa watu walionusurika kwingineko. Alipofika pale asipoweza kujua alisema hivyo, kisha akaeleza jinsi chombo cha aina ile huzama na jinsi mtu hufa maji. Sarufi humruhusu mwandishi kufanya hivyo. Kiswahili kina *huenda*, *yamkini* na kiambishi *-nge-*.

Kamera haina *-nge-*. Filamu ya Wolfgang Petersen (2000) ililazimika kuwaweka watu sita ndani ya chombo, kuwapa maneno na kuwapa kifo, na wimbi lililotengenezwa kwa kompyuta lina uhakika uleule wa wimbi la kweli. Jamaa za baadhi ya waliopotea walikwenda mahakamani kupinga jinsi wapendwa wao walivyosawiriwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya jimbo la Florida ilitoa tafsiri ya sheria ambayo haikuwapa nafuu. Kwa sheria huenda shauri hilo lilikwisha. Kwa nadharia ya usimulizi halijaisha, kwa kuwa walichokilalamikia jamaa hao ni kukosekana kwa *huenda*.

5.0 Mtu mwenye maikrofoni

Nchini Tanzania filamu za kigeni hazikubaki bila neno. Katika miaka ya 2000 zilienea kanda ambazo msimulizi alizipachika sauti ya Kiswahili juu ya mazungumzo ya asili. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye aliyepata umaarufu zaidi. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Hueleza, hukisia, hutania, huwapa wahusika nia ambazo picha haikuwapa. Ni jamaa wa mtambaji wa ngano kuliko wa mfasiri, na kazi yake inastahili uchunguzi wa fani ambao haijaupata vya kutosha katika idara za Kiswahili.

Kwa filamu za bahari kazi hiyo ina uzito wa pekee. Msimulizi ndiye anayeweza kurudisha *-nge-* pale kamera ilipoifuta, na ndiye anayechagua kama kila chombo kitaitwa meli na kila upepo upepo, au kama ngarawa, dau, kusi na matlai vitatamkwa mbele ya watu ambao hawana mahali pengine pa kuvisikia vikiambatana na picha yake. Mtazamaji wa Mkuyuni ataona mlingoti ukivunjika kama mtazamaji yeyote. Kama ataondoka akijua kwamba boriti iliyoanguka pamoja na tanga huitwa foromali, hilo litategemea msimulizi huyo alikulia wapi, na alisoma nini.