Barabara Isiyo na Mwenyewe

Ukisimama ufukweni Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, unaitazama bahari ambayo karne nyingi zilizopita vyombo vilipitia na dhahabu kutoka Sofala kwenda Kilwa. Dhahabu hiyo inatukumbusha kitabu ambacho wazee wetu wengi walikisoma: “Mashimo ya Mfalme Sulemani”, kilichoandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1929.

Mwanzo wake unavutia mno. Wasafiri wanavuka jangwa na milima, wanaikuta barabara kuu iliyochongwa mwambani. Nani aliyeichonga? Wenyeji hawajui. Msomaji hutega sikio akingoja jibu, lakini halipati. Almasi zinapoonekana, swali linasahauliwa. Wageni wanajaza mifuko na kurudi kwao, na sifa ya ujenzi wanaachiwa watu wa kale wa mbali.

Wakoloni nao walidai hivyo hivyo juu ya magofu ya Zimbabwe Kuu. Lakini mwaka ule ule wa 1929 mtaalamu Gertrude Caton-Thompson aliyachimba, akathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Baadaye ikapatikana huko sarafu ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Kumbe dhahabu ilikuwa na wenyewe!

Mpe mwanao kitabu hicho, kwani kinasisimua. Lakini akifika penye barabara ile, mwulize: nani aliyeichonga? Asiridhike kuambiwa kwamba hajulikani.