Gari la Dukani Jangwani

Nikienda kazini asubuhi napita Warwick Farm, magharibi mwa Sydney. Anayepita leo anaona farasi wakitembezwa kwa kamba, basi. Kiwanja cha mbio za magari kilichokuwa pale kilifungwa mwaka 1973. Lakini Desemba 1968 hapo ndipo yalipoishia magari ya mashindano yaliyotoka London, na kila nikipita huwa nayaona: vumbi jekundu hadi juu ya paa, vioo vimepasuka, madereva hawakumbuki mara ya mwisho walipolala kitandani.

Magari 98 yaliondoka Crystal Palace, London, tarehe 24 Novemba. Yalikatiza Ulaya, Uturuki, Iran na Afghanistan hadi Bombay, yakapakiwa kwenye meli iitwayo Chusan kuja Fremantle, kisha yakaivuka Australia kutoka Perth hadi hapa. Yaliyofika ni 56. Lucien Bianchi wa Ubelgiji aliongoza na Citroën DS mpaka karibu na Nowra, kilomita zisizofika 200 kabla ya mwisho, Citroën hiyo ikagongana uso kwa uso na gari dogo lililokuwa likija. Ushindi ukamwangukia Andrew Cowan, mkulima kutoka Scotland, pamoja na wenzake Colin Malkin na Brian Coyle, ndani ya Hillman Hunter. Hunter! Gari la mwalimu mkuu, gari la karani wa benki. Iran walikuwa wameanza kuliunda kwa jina la Paykan, na baadaye likawa teksi ya nchi nzima.

Mimi ni fundi wa magari, na kazi yangu kubwa hapa Sydney ni springi na shokapu za magari ya fowili. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, na swali wanaloniuliza kila Januari, msimu wa mbio za jangwani za Dakar, ni moja: fundi, gari gani limeshinda Dakar mwaka huu? Wakishapata jina, wanataka kulinunua. Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. Kabla ya kuuliza limeshinda gari gani, uliza limeshinda katika daraja gani.

Chukua Hilux iliyompa Nasser Al-Attiyah wa Qatar ushindi wa Dakar mwaka 2019, 2022 na 2023. Ukiiona kwenye picha utasema ni ndugu ya ile inayobeba maharage kutoka Mbeya. Ukiifungua boneti undugu unaishia pale. Chesisi yake si ile ya kiwandani, ni fremu ya mabomba iliyochomelewa kwa ajili ya mbio peke yake. Bodi si ya bati. Kanuni za daraja la juu zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinaruhusu gurudumu kupanda na kushuka hadi milimita 350, yaani zaidi ya urefu wa rula ya mwanafunzi, gari liwe na upana wa mita 2.3, na likanyage tairi za inchi 37. Ni chombo cha ajabu, na waliokibuni ni wahandisi ninaowaheshimu. Lakini hakiuzwi dukani, na ushindi wake haukuambii lolote kuhusu Hilux utakayoinunua wewe.

Daraja linalokuhusu lipo, nalo kamera hulipitia haraka haraka. Kwa miaka mingi liliitwa T2, daraja la magari ya kiwandani. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, liliweka sharti kwamba gari la T2 liwe la aina iliyotengenezwa kwa wingi, angalau magari 1,000 yanayofanana ndani ya miezi 12 mfululizo. Maana yake huwezi kwenda kwa fundi hodari akakuundia moja la siri. Lazima liwe gari ambalo mtu wa kawaida amelilipia na kulipeleka nyumbani.

Yanayoruhusiwa kubadilishwa ni hasa yale yanayomwokoa mtu. Ndani unafungwa uzio wa mabomba ya chuma ili gari likipinduka paa lisimkandamize dereva. Viti na mikanda ni vya mbio. Tangi la mafuta ni la usalama, kubwa kuliko la kawaida, na tumbo la gari linavalishwa bamba la kukinga mawe. Springi na shokapu unaweza kuweka ngumu zaidi, ila zikae palepale kiwanda kilipozifunga. Vile vinavyolifanya gari kuwa lenyewe, chesisi, injini, mpangilio wa ekseli, vinabaki vya kiwandani. Kwangu mimi utamu wa daraja hili uko kwenye makatazo hayo. Jangwa linagonga palepale ambapo fundi amekatazwa kugusa.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana shokapu ndiyo mkate wangu.

Springi inabeba gari. Ukiingia shimoni inabonyea, na ikiachwa peke yake itarusha gari juu na chini kama mtoto juu ya godoro. Shokapu kazi yake ni kuizuia isiendelee kucheza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na ule ugumu wa mafuta kupita ndio unaotuliza gari. Lakini nguvu ya mshtuko haipotei, inageuka kuwa joto. Barabara ya lami haina taabu, joto ni dogo na upepo unalipoza. Sasa liweke gari hilohilo kwenye njia iliyojikunja kama bati la kuezekea, kama zile za jangwa la Australia au ile ya zamani ya kwenda Marsabit. Kila sekunde pistoni inakwenda na kurudi mara kadhaa. Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anahisi usukani umelegea, gari linaanza kuelea, mkia unakwenda upande. Asipopunguza mwendo, sili inapasuka, mafuta yanamwagika, na kuanzia hapo vishikizo vya chuma vinapigwa moja kwa moja hadi vinakatika.

Gari la daraja la juu linaepuka balaa hili kwa sababu gurudumu lake lina nafasi kubwa ya kutembea na shokapu zake zina mafuta mengi. Gari la dukani halina nafasi hiyo. Tena ni zito. Land Cruiser ya kawaida inakaribia tani mbili na nusu hata kabla hujaweka mabomba, tairi za akiba na mafuta ya siku nzima. Na nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana madereva wazuri wa daraja hili wakitazamwa na mgeni huonekana wazembe. Wanakaribia tuta la mchanga, wanapunguza, wanachungulia upande wa pili, wanateremka taratibu. Wanaweka akiba ya shokapu, kwa sababu siku kumi bado ziko mbele.

Wazo la kupima gari la dukani kwa safari ndefu si geni kwetu, na hapa historia ya Sydney na ya Afrika Mashariki zinakutana kwa namna inayonifurahisha. Tarehe 27 Mei 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini, yalipangwa kwa bei ya gari dukani. Mtu mwenye Volkswagen alishindana na mwenye gari la bei yake, na umma ukaona wazi pesa yake ingenunua nini. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Agosti, zaidi ya magari 180 yaliondoka Sydney kwenda kuizunguka Australia katika Redex Trial, umbali wa kilomita zaidi ya 10,000, kupitia Darwin na Alice Springs. Aliyeshinda alikuwa Ken Tubman, mfamasia wa mji wa Maitland, na mwenzake John Marshall. Walikuwa na Peugeot 203, gari ambalo Waaustralia wengi walikuwa hawajalizoea.

Wazee wa kwetu watatabasamu wakisikia Peugeot. Mdogo wake, 404, alishinda Safari mara nne: 1963 na 1968 kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1966 na 1967 kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Halafu tazama magari gani yaliyobeba abiria kati ya miji yetu miaka iliyofuata. Watu waliiona 404 ikipita kwenye matope ya Pasaka, msimu wa Safari, na kutokea upande wa pili, wakaamini. Waliloliona lilifanana na walilolinunua.

Baadaye mashine zikazidi kuwa za kiwanda cha mbio, na gari la kawaida likawa halifiki mwisho wa Safari. Ndiyo maana namtaja Patrick Njiru kila ninapopata nafasi. Mwaka 1990, akiwa na Subaru Legacy ya Group N, daraja la magari yaliyobadilishwa kidogo tu, alimaliza wa nane. Hakuna gari la Group N lililokuwa limewahi kumaliza Safari kabla yake. Vitabu vinamkumbuka mshindi wa mwaka ule, na ni haki yake, lakini kwa fundi ile nafasi ya nane ina masomo mengi zaidi.

Cowan naye hakuishia Warwick Farm. Mwaka 1983 Mitsubishi ilipeleka Pajero kwenye Paris–Dakar kwa mara ya kwanza, naye akiwa miongoni mwa madereva, na gari hilo likashinda daraja la magari yasiyobadilishwa. Miaka miwili baadaye alirudi Sydney, safari hii mji ukiwa mwanzo. Mashindano mapya, Wynn's Safari, yaliondoka hapa kwenda Darwin kupitia katikati ya bara, na Cowan akayashinda kwa Pajero.

Kwa miaka mingi jina kubwa katika daraja la dukani limekuwa timu ya Toyota Auto Body, kiwanda kinachounda Land Cruiser. Wameshiriki Dakar tangu 1995, na mwaka 2023, wakiwa na Land Cruiser 300, walishinda daraja lao kwa mara ya kumi mfululizo. Ninachokipenda zaidi ni mafundi wao. Baadhi hutolewa kwenye gereji za mawakala wa Toyota nchini Japani, watu wanaobadilisha oili ya magari ya wateja mwaka mzima, halafu Januari wanalala chini ya Land Cruiser jangwani. Kuna miaka ambapo gari lenyewe lilikimbia kwa dizeli iliyotengenezwa kutokana na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika. Mwaka 2026 kanuni zililegezwa kidogo na daraja likaitwa Stock. Defender iliingia na Stéphane Peterhansel, aliyeshinda Dakar mara 14, ikiwa na tangi la lita 550. Mshindani wa kweli alikuwa anahitajika, ila naomba kulegeza huko kusiendelee mpaka gari la dukani likawa jina tu.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Mombasa anayeishi Auburn, ana Prado safi. Alikuwa anajiandaa kwenda Alice Springs na mkewe, na alikuja na orodha: springi za kuinua gari inchi tatu, tairi kubwa, bamba la chuma mbele, winchi, hema la juu ya paa, friji, matangi mawili ya ziada.

"Fundi, nataka iwe kama ya Dakar," akasema.

"Ya Dakar ya daraja gani, mwanangu?"

Nilimwonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango, kile kinachosema gari likijaa watu na mizigo lisizidi uzito gani. Kisha tukaenda kupima. Na vitu alivyokwisha kuvifunga, yeye na mkewe ndani na tangi likiwa limejaa, zilibaki kilo chache sana kabla ya kufika kikomo, na orodha nzima ilikuwa bado. Tukakaa kwenye benchi na kalamu. Hema la juu likatoka, litakuja la kutandika chini. Winchi ikatoka, ikaingia mikeka ya plastiki ya kutolea gari mchangani na koleo. Tangi la pili likatoka, kwa sababu njia anayopita ina vituo vya mafuta. Tairi zikabaki saizi ya kiwandani, ila ngumu zaidi ubavuni. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye shokapu nne nzuri.

Jumamosi nilimpeleka kwenye vilima vya mchanga vya Stockton, karibu na Newcastle. Alipanda cha kwanza tairi zikiwa na upepo wa barabarani, akazama hadi kwenye ekseli. Tulipunguza upepo wa tairi zote nne mpaka psi 18, tukafukua, tukaweka mikeka. Akapanda tena polepole, akafika juu, akasimama, akachungulia upande wa pili kabla ya kuteremka.

Aliporudi nilimwambia azime gari, apitishe mkono chini ya bawa la tairi ya nyuma na kuusogeza karibu na shokapu bila kuigusa.

"Inawaka, mzee."

"Ngoja ipoe. Chai ipo kwenye chupa."