Mtoto wa Nyumba ya Watu

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza habari za vijana wanaokwenda kusoma nchi ya mbali kwa muda wa mwaka mmoja. Hao hawakai bwenini, bali hukaa nyumbani mwa watu wasiowajua, wakala nao, wakalala kwao, wakahesabiwa kuwa watoto wa nyumba ile. Wazazi wengi wakisikia habari hii huuliza maswali mawili. Ni nani hao wanaokubali kumlisha mtoto wa mtu mwingine mwaka mzima? Na je, mtoto atarudi vile vile kama alivyokwenda?

Swali la kwanza lina jibu jepesi. Katika Vita Kuu vya kwanza vijana Wamarekani walijitolea kwenda Ufaransa kuendesha magari ya kuchukulia majeruhi, na chama chao kikaitwa American Field Service. Katika vita vya pili wakaifanya tena kazi ile ile. Vilipokwisha, madereva hao, wakiongozwa na Stephen Galatti, waliona kuwa ni heri watoto wa mataifa wajuane mapema, kabla ya kukutana vitani. Basi mwaka 1947 wakawapokea Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi kumi. Vyama vingine vikafuata. Na baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, serikali ya Marekani ilianzisha mwaka 2002 mpango uliokusudiwa hasa nchi zenye Waislamu wengi, nao ukapewa majina ya maseneta wawili, Kennedy na Lugar. Kwa mpango huo vijana wa Kenya, na wa Tanzania pamoja na Zanzibar, wamekaa katika miji midogo ya Marekani ambayo baba zao hawajapata kuisikia.

Huko Marekani kijana wa namna hii hupokewa akiwa na umri wa miaka 15 hata 18 na nusu. Jamaa wanaomweka nyumbani hawalipwi mshahara. Hufanya kwa hiari yao. Tena yuko msimamizi ambaye yampasa kuzungumza na kijana kila mwezi, ili ajue kama hali yake ni njema. Mzazi na ayakumbuke hayo kabla ya kutia sahihi, na mtoto na alijue jina la msimamizi huyo kabla ya kupanda ndege.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko kwenye mambo. Sisi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko jembe hutolewa siku ya pili, ila halisemwi kuwa ni jembe. Mtoto ataonyeshwa mahali pa kuosha sahani, siku ya kutoa taka, na mashine ya kufulia nguo. Naye akingoja kuambiwa mara ya pili, atangoja sana. Mvulana aliyezoea kufuliwa na dada zake hupata hapo somo ambalo sisi walimu hatukuweza kumfundisha.

Jambo la chakula limewaliza wengi. Kwetu mtu akikaribishwa hukataa kwanza, “Ahsante, nimeshiba,” naye mwenyeji hamwachi. Humshika mkono akamketisha, na hapo ndipo mgeni hula. Huko mama wa nyumba huuliza mara moja tu. Ukisema umeshiba, yeye husadiki, huondoa sahani, nawe walala na njaa, hali kila mmoja ametimiza adabu yake. Hakuna mchoyo hapo, wala hakuna mjinga.

Mambo ya namna hii ni mengi. Mtoto wetu akisemeshwa na mtu mzima huinamisha macho kwa heshima. Huko hudhaniwa kuwa anaficha neno. Akipewa maji na mtu wa nyumbani hunywa akanyamaza, kwa sababu kwetu watu wa nyumba moja hawashukuriani kwa kila kikombe; huko asiposhukuru huhesabiwa hana malezi. Akiulizwa njiani, “Hujambo?” husimama ili ajibu na kuuliza habari za nyumbani; akiinua kichwa, mwenziwe amekwisha pita. Baba wa nyumba naye humwambia, “Niite kwa jina langu,” na ulimi wa mtoto hukataa kabisa. Twajua wengine waliomaliza mwezi mzima bila kumwita kwa neno lolote. Walingoja mpaka ageuke.

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Hakuna anayesimama mwalimu aingiapo, na katika shule nyingi hakuna sare. Kipindi kikiisha, wanafunzi ndio wanaohama, kila mmoja akienda chumba chake, basi hata jirani wa kukaa naye siku nzima hakuna. Kisha huja baridi. Katika jimbo la Minnesota, mwezi wa Desemba, jua hutua yapata saa kumi na nusu, mtoto hajapumzika vema tangu atoke shuleni. Wakati huo huku kwetu ni saa saba na nusu usiku, na mama yake amelala.

Jirani yetu mmoja alikuwa na binti huko. Katika mwezi wa tatu alitujia chuoni, simu mkononi, akatuonyesha ujumbe wa mtoto: “Baba, nimechoka kuwa mgeni. Nataka kurudi.” Akatuambia, “Mwalimu, mimi nauza ng'ombe, namrudisha.” Tulimwuliza kama binti amepigwa, au ametukanwa, au amenyimwa chakula, au yuko mtu anayemtisha. Maana lingekuwapo moja katika hayo, tungemwambia asingoje asubuhi. Akapiga simu, akamwuliza binti peke yake, taratibu. Hapakuwa na lolote. Nyumba ni njema, alisema. Ila kila neno alisemalo humpasa kulifikiri kwanza.

Jambo hilo lina jina kwa wataalamu. Mwaka 1954 Kalervo Oberg, mtaalamu wa desturi za watu, alieleza ya kuwa mgeni huugua kwa kupotewa na alama ndogo ndogo alizokua nazo: wakati gani wa kupeana mkono, wakati gani wa kukubali mwaliko na wakati gani wa kuukataa, neno lipi ni mzaha na lipi ni kweli. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alitangaza habari za Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekaa Marekani. Nao walikuwa watu wazima. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi sita walikuwa na hali njema kuliko waliokaa kati ya sita na kumi na minane. Waliozidi hapo walipata nafuu tena. Wataalamu wa baadaye wamesema si wote wapitao njia hiyo, na kwamba wengi huumia tangu wiki za kwanza. Lakini sisi twaona faida moja katika habari hizi: mtoto ajue kuwa uchungu wake umekwisha onekana kwa wengine, wala si upungufu wake.

Tulimshauri jirani mambo mawili tu. Asiuze ng'ombe kwanza. Na simu ya kila usiku iwe ya Jumapili, kwani mtoto alikuwa akikaa chumbani akingoja sauti ya nyumbani, huku watu wa nyumba ile wakimngoja sebuleni. Shauri hili la pili lilimwuma mama yake, akatununia muda mrefu. Hatumlaumu. Binti akaingia katika kundi la waimbaji wa shule, na kufikia Aprili ujumbe wake ulikuwa mfupi, tena wa haraka.

Alirudi Juni. Majirani walisema ameota kiburi, kwa sababu alikuwa akimtazama kila mzee usoni, na akifunga mlango wa chumba. Siku ya kwanza mama yake alimpa maji, naye akanywa, akasema, “Ahsante sana, mama.” Mama akaweka mtungi chini akamwuliza, “Ahsante ya nini, mwanangu? Mimi nimekuwa jirani yako?” Binti akacheka, kisha akalia, akaomba kikombe cha pili.