Nyumba ya Ibada Inapotuhumiwa Wakati wa Vita

 

Hivi karibuni, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja wa madrasa alituuliza swali ambalo hatukulitarajia. Alikuwa amesikia redioni kwamba Serikali ya Ukraine, nchi iliyovamiwa na Urusi, imetunga sheria inayoweza kulifungia kanisa kubwa la nchi hiyo. Akauliza: Je, Muislamu afurahi, asikitike, au jambo hilo halimhusu? Mzee mmoja alimjibu upesi kwamba hayo ni ya Wakristo wao kwa wao. Kijana alinyamaza kwa adabu, lakini tulimuona hakutosheka. Nasi pia hatukutosheka. Makala haya ni jibu tulilomuahidi, na tumeona ni vyema familia nyingine nazo zilisome.

Mgogoro wenyewe

Wakristo wengi wa Ukraine ni wa madhehebu ya Kiorthodoksi. Tangu mwaka 1686, kanisa la Kyiv liliwekwa chini ya Patriaki wa Moscow. Januari 2019, Patriaki wa Konstantinopoli alitoa hati ya kulitambua kanisa jipya la Ukraine linalojitegemea. Tangu hapo nchi hiyo ikawa na makanisa mawili ya Kiorthodoksi: moja lililopewa hati hiyo, na jingine la zamani lililobaki na uhusiano na Moscow, likiongozwa na Askofu Mkuu Onufriy.

Februari 24, 2022, Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi yake yote. Siku hiyo hiyo Onufriy aliulaani uvamizi, akaufananisha na dhambi ya Qabil aliyemuua nduguye Habil. Mei 27, 2022, baraza la kanisa lake likatangaza kwamba kanisa hilo sasa ni huru, na katiba yake ikarekebishwa.

Huko Moscow mambo yalikwenda kinyume. Septemba 2022, Patriaki Kirill aliwahubiria waumini wake kwamba askari anayekufa akitimiza wajibu wake wa kijeshi husafishwa dhambi zake zote. Machi 2024, baraza analoliongoza likaviita vita hivyo kuwa ni vita vitakatifu. Ni vigumu kumlaumu mama wa Kiukraine aliyemzika mwanawe akisikia kwamba jina la Patriaki huyo lina uhusiano wowote na kanisa la mtaani kwake. Isitoshe, wapo mapadri wa kanisa hilo waliotiwa hatiani na mahakama za Ukraine, ama kwa kuwapa adui habari za majeshi au kwa kuuhalalisha uvamizi. Madai ya Serikali, basi, hayakutoka hewani.

Hatua za dola zikafuatana. Novemba 2022, maofisa wa usalama walifanya upekuzi katika monasteri kongwe ya Kyiv, iliyoasisiwa mwaka 1051. Machi 2023, watawa wakaamriwa kuhama eneo hilo, ambalo ni mali ya dola. Agosti 20, 2024, Bunge likapitisha sheria kwa kura 265, na Rais Zelensky akaitia saini siku nne baadaye. Sheria hiyo inalipiga marufuku Kanisa la Urusi nchini Ukraine. Pia inaipa idara ya Serikali mamlaka ya kuichunguza taasisi yoyote ya dini inayodhaniwa kufungamana nalo, kuitaka ivunje uhusiano huo, na ikikaidi, kuipeleka mahakamani ili ifutwe. Julai 2025, Onufriy akavuliwa uraia kwa maelezo kwamba anao uraia wa Urusi, ilhali mwenyewe amesema hana uraia mwingine ila wa Ukraine. Mwaka huo huo shauri dhidi ya makao makuu ya kanisa lake likafikishwa mahakamani.

Msikiti uliobomolewa Madina

Wapo watakaosema kwamba Uislamu hauruhusu nyumba ya ibada kuguswa kwa hali yoyote ile. Kauli hiyo si sahihi. Katika Suratu Tawba tunasoma habari za Masjid Dhirar, msikiti uliojengwa na wanafiki karibu na Quba. Wanahistoria wa Sira wanaeleza kwamba wajenzi wake walikuwa wakimsubiri mtu aitwaye Abu Amir, ambaye alikuwa amekwenda kutafuta msaada wa dola ya Warumi ili kuipiga Madina. Walimuomba Mtume (s.a.w) aswali humo ili wapate kibali. Aliporejea kutoka Tabuk, wahyi ulikwishamfunulia siri yao, akaamuru jengo hilo libomolewe.

Kwa hiyo nyumba iliyoitwa msikiti ilibomolewa wakati wa vita kwa sababu ilikuwa ngome ya adui. Anayesema kwamba dola haina haki kamwe ya kuigusa nyumba ya ibada hakukisoma kisa hiki.

Hata hivyo, anayekitumia kisa hiki kuhalalisha kila ufungaji naye hajakisoma chote. Msikiti wa Quba, uliokuwa jirani, haukuguswa, na wafasiri wengi wanasema ndio uliosifiwa katika aya inayofuata. Watu wa mtaa ule hawakukatazwa kuswali. Hukumu iliwahusu wajenzi waliojulikana, kwa kitendo kilichojulikana. Zaidi ya hayo, hukumu ile ilitokana na wahyi. Leo hakuna mtawala anayeteremshiwa wahyi kuhusu yaliyomo vifuani mwa watu. Kilichobaki mikononi mwake ni ushahidi, na ushahidi mahali pake ni mbele ya kadhi.

Tumtazame pia Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki. Siku ya Uhud alirudi nyuma na watu wapatao 300, theluthi ya jeshi, adui akiwa mbele ya macho. Katika sheria za kijeshi za leo, wangapi wangesalimika kwa kosa hilo? Lakini yeye na wafuasi wake waliendelea kuingia katika Msikiti wa Mtume na kusimama safuni. Hata Sayyidna Umar alipoomba ruhusa ya kumuua, Mtume (s.a.w) alikataa.

Mizani hii ndiyo tunayoiweka mbele ya sheria ya Ukraine. Padri aliyemuelekeza adui mahali pa kulenga kombora ashitakiwe na aadhibiwe. Anayehubiri kwamba uvamizi ni ibada azuiwe. Lakini miongoni mwa vigezo vya sheria hiyo vya kuthibitisha kwamba kanisa linafungamana na Moscow, kimo hiki: kwamba katiba ya Kanisa la Urusi yenyewe inalitaja kuwa sehemu yake. Maana yake ni kwamba Moscow ikikataa kulifuta jina hilo katika vitabu vyake, bibi kizee wa kijijini, ambaye huenda mjukuu wake yuko vitani akiipigania Ukraine, anaweza kuikosa jumuiya aliyobatizwa ndani yake kwa maneno yaliyoandikwa na watu wengine. Qur'ani imekariri mara kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Sheria za kimataifa nazo zinakaribiana na mizani hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara ya 18, unaruhusu udhihirishaji wa dini uwekewe mipaka kwa ajili ya usalama wa umma, utulivu, afya, maadili na haki za wengine. Usalama wa taifa, ambao umetajwa katika ibara nyingine za mkataba huo, haukutajwa katika hii. Na ibara ya 4 inaiweka haki hii miongoni mwa zile zisizosimamishwa hata nchi inapokuwa katika hali ya hatari.

Kwa nini yanatuhusu

Turudi kwa mzee wetu aliyesema hayo ni ya Wakristo. Katika nchi hiyo hiyo ya Ukraine iko rasi ya Crimea, kwao Watatari, ambao ni Waislamu. Mei 18, 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa Stalin ulianza kuwahamisha kwa nguvu kwa tuhuma kwamba waliwasaidia Wajerumani. Kwa siku tatu tu, zaidi ya watu 180,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo, wengi wao wakapelekwa Uzbekistan. Wapo kati yao waliowasaidia Wajerumani kweli, lakini wapo pia waliokuwa vitani wakati huo huo katika jeshi la Kisovieti, na nao walipomaliza utumishi walipelekwa uhamishoni. Kosa la baadhi likawa kosa la taifa zima, tangu mtoto mchanga hadi kikongwe. Tuhuma hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1967, na wengi hawakuweza kurejea kwao hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, mambo yakajirudia kwa sura nyingine. Mwaka 2016, Mejlis, baraza la Watatari, lilipigwa marufuku kwa kuitwa la watu wenye msimamo mkali. Wanaume kadhaa wamefungwa miaka mingi kwa tuhuma za uanachama wa chama ambacho sheria za Ukraine hazijakiharamisha. Moscow inayowalilia Waorthodoksi wa Kyiv ndiyo hiyo hiyo inayowafunga Waislamu wa Crimea. Tusidanganyike na machozi ya mamba, lakini pia uongo wa Moscow usitufanye tuone kila linalofanywa na Kyiv kuwa ni haki.

Na karibu zaidi na nyumbani, Novemba 2014, polisi wa Kenya waliivamia misikiti ya Mombasa, wakisema ilitumiwa kuandaa vijana wa kupigana. Katika Masjid Musa pekee, zaidi ya watu 200 walikamatwa. Misikiti minne ikafungwa. Huenda walikuwemo waliostahili kushitakiwa. Lakini mzee aliyekwenda kuswali Alfajiri na kukuta kufuli mlangoni, yeye alikuwa na kosa gani? Tuliudhika siku ile kwa sababu tulijua kwamba waumini hawahukumiwi kwa jumla. Ikiwa tuliyasema hayo kwa dhati, hatuna budi kuyasema leo kwa ajili ya wasiokuwa Waislamu.

Hayo ndiyo tuliyomjibu kijana wetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Na katika Suratul Hajj amezitaja nyumba za watawa na makanisa pamoja na misikiti, miongoni mwa mahali ambapo pasingesalimika lau Yeye asingewakinga watu baadhi yao kwa wengine.

Kwa hiyo, wazazi, watoto wanapotuuliza habari za vita vya mbali, tusiwajibu kwa kuuliza kwanza nani ni mwenzetu. Tuwafundishe kuuliza: nani ametenda nini, na ushahidi uko wapi? Na sisi tuliopewa amana ya kusimamia misikiti tujiulize pia. Mimbari ikigeuzwa kuwa ya chama au ya dola ya kigeni, tutakuwa tumeufungua wenyewe mlango ambao wengine watakuja kuutia kufuli.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watu wa Ukraine amani, awarejeshe majumbani waliofungwa kwa dhulma, na atujaalie kuwa wasimamizi wa haki hata pale inapotuwia nzito.

Wabillahi tawfiq.