Majalada ya Barua za Watu Wengi

1. Sanduku na masjala

Barua ya karatasi itokayo Dar es Salaam kwenda Ikonda husafiri mwendo mrefu. Hupita Morogoro na Iringa, ikafika Makambako, mahali njia zinapoachana: moja yaendelea Mbeya, na nyingine yageuka kusini kwenda Njombe na Songea. Kutoka Njombe hupanda milima ya Makete yenye baridi na ukungu. Tena, kwa desturi ya nchi yetu, barua hiyo haipelekwi mlangoni pa kila mtu. Hutiwa katika sanduku la posta lenye namba, na mara nyingi sanduku moja hutumiwa na shule nzima, au hospitali nzima. Mwenye ufunguo ndiye azichukuaye barua zote.

Katika ofisi kubwa barua hizo hupelekwa masjala. Masjala ni chumba cha kutunzia barua za kazi. Karani wa masjala hufungua bahasha, hugonga muhuri wa tarehe, huandika habari za barua katika daftari, kisha huitia katika jalada lake. Kila jalada lina jina na namba, ili barua ya fedha isichanganyike na barua ya likizo. Wala si kila mtu aruhusiwa kusoma kila jalada. Yako majalada ya wazi, na yako ya siri ambayo hufungiwa mbali na mengine.

Shikeni mambo haya mawili, jalada na ruhusa, maana ndiyo msingi wa somo letu. Siku hizi barua nyingi za kazi hazina karatasi wala bahasha. Ni barua pepe. Lakini nazo zahitaji masjala, nazo zahitaji majalada, na mwenye kuzitunza hana budi kujua ni nani aruhusiwe kuzisoma.

2. Seva, masjala ya barua pepe

Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, jina lake Ray Tomlinson, alituma barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao. Kompyuta hizo mbili zilikaa karibu karibu, lakini barua ilipita katika mtandao ili kufika. Yeye ndiye aliyechagua alama @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake, na mpaka leo alama hiyo imo katika kila anwani ya barua pepe.

Barua pepe haiendi moja kwa moja katika simu ya mwenye kuandikiwa. Hufika kwanza katika seva. Seva ni kompyuta iliyowekwa kuwatumikia wengine, nayo huachwa ikifanya kazi usiku na mchana. Yaweza kuwa Dar es Salaam, au katika nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Hata umeme ukikatika Ikonda, au mtandao ukipotea kwa mvua, barua haipotei. Yangoja katika seva mpaka mwenyewe aje kuitazama.

Ziko njia mbili za kuisoma. Ya kwanza yaitwa POP, nayo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1984. Kwa njia hiyo kompyuta ya msomaji huichukua barua kutoka katika seva na kuiweka kwake. Kwa kawaida nakala ya seva hufutwa. Ni kama mtu aendaye posta, akafungua sanduku, akaenda nyumbani na barua zote. Mwingine akija nyuma yake akuta sanduku tupu.

Njia ya pili yaitwa IMAP. Ilianzishwa mwaka 1986 na Mark Crispin, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kwa njia hii barua yakaa palepale katika seva, na msomaji ndiye aifuataye. Aweza kuisoma asubuhi kwa kompyuta ya ofisi, na jioni kwa simu, akaikuta ni ileile. Nanyi mwaona faida yake: ikiwa barua yakaa mahali pamoja, basi watu wengi waweza kuijia, kama makarani wengi waendavyo kwenye kabati moja la masjala.

3. Kufanya jalada

Kila mwenye anwani hupewa kwanza kikasha kimoja cha barua zinazoingia. Barua zikiwa chache, kikasha hicho chatosha. Zikiwa nyingi, kutafuta barua moja katika elfu ni sawa na kutafuta punje ya ulezi katika gunia la mahindi.

Kwa hiyo hufanywa majalada, ambayo wengi huyaita folda. Kazi yenyewe si ngumu. Mtu huchagua katika programu yake ya barua neno la kufanya folda mpya, huandika jina, na programu huipelekea seva amri ya kulifanya jalada hilo. Tangu hapo jalada liko katika seva, wala si katika kompyuta ya mtu, na kila chombo chake chaliona.

Jalada moja laweza kuwa na majalada mengine ndani yake. Katika jalada la Mitihani laweza kuwamo jalada la mwaka 2024 na la mwaka 2025. Jina na liwe fupi na la kueleweka. Jina kama "Mambo mengine" halimwambii mtu neno, na mwisho wake kila barua hutupwa humo.

4. Barua ya mama wa Songea

Ikonda yajulikana mbali kwa hospitali ya Wamisionari wa Consolata, na wagonjwa huijia kutoka mikoa mingi. Hebu tufikiri hospitali ya mfano tu, iliyo milimani, mbali na miji mikubwa, inayoletewa barua pepe nyingi kila siku kwa anwani moja. Leo zimefika tatu. Ya kwanza yatoka Songea: mama mmoja auliza kama daktari wa macho atakuwako juma lijalo, ili asisafiri bure na mtoto wake. Ya pili yatoka kwa mwuza dawa. Ya tatu ni majibu ya vipimo vya damu ya mgonjwa.

Ikiwa neno la siri la anwani hiyo lajulikana na karani mmoja tu, naye ameenda likizo, barua zote tatu zalala. Mama wa Songea hapati jibu. Hukopa nauli, hupanda basi na mtoto mgongoni, akafika akaambiwa kwamba daktari hayupo.

Wako watu ambao huponya ubaya huu kwa ubaya mwingine. Huandika neno la siri katika karatasi na kuibandika ukutani. Sasa barua ya mama itajibiwa, lakini hata mtu asiyehusika aweza kusoma majibu ya damu ya jirani yake, na kesho habari zimefika sokoni. Tena barua ikifutwa, hakuna ajuaye ni nani aliyeifuta, maana wote waliingia kwa jina moja.

Dawa ya mabaya yote mawili ni kufanya majalada matatu, Miadi, Dawa na Vipimo, kisha kumfungulia kila mtu jalada la kazi yake tu. Kila mtumishi huingia kwa jina lake mwenyewe na kwa neno lake la siri, asilomwambia mtu.

5. Herufi za ruhusa

Mwaka 1997 ziliandikwa kanuni za ruhusa hizo kwa seva za IMAP, na mwaka 2005 zikaandikwa upya kwa ufafanuzi zaidi. Kila ruhusa ilipewa herufi moja. Tutazame zilizo kubwa.

Herufi l ni ruhusa ya kuliona jalada katika orodha. Asiyepewa hiyo hata hajui kwamba jalada lipo.

Herufi r ni ruhusa ya kusoma barua zilizomo.

Herufi s ni ya kutunza alama kwamba barua imesomwa, na w ni ya kutia alama nyingine, kama ile ya kuonyesha kwamba barua imejibiwa.

Herufi i ni ya kutia barua ndani ya jalada.

Herufi t ni ya kutia barua alama ya kufutwa, na e ni ya kuziondoa kabisa zilizotiwa alama hiyo. Ni kama kutupa karatasi kapuni, kisha kulichoma kapu.

Herufi k ni ya kufanya jalada jipya ndani ya lile la kwanza, na x ni ya kuliondoa jalada lenyewe.

Herufi a ni ya msimamizi, yaani ruhusa ya kuwapa wengine ruhusa na kuwanyang'anya.

Basi katika mfano wetu makarani wawili wa Miadi watapewa l, r, s, w na i. Karani mmoja akienda likizo, mwenzake ataisoma barua ya mama wa Songea siku ileile. Mfamasia atapewa jalada la Dawa. Jalada la Vipimo litafunguliwa kwa waganga wanaohusika tu, na wengine hawataliona hata jina. Herufi a, t, e na x zitabaki kwa msimamizi na msaidizi wake. Mtumishi akihamishwa, msimamizi hufuta jina lake katika jalada, na wengine huendelea na kazi bila kubadili ufunguo.

Si kila programu huonyesha herufi hizi. Nyingi huandika maneno kama "kusoma tu" au "kusoma na kuandika". Hata hivyo maana ni ileile. Tena si kila kampuni ya barua pepe huwawezesha watu kushiriki jalada moja moja. Yafaa kuuliza kabla ya kuanza.

6. Mambo ya kuangaliwa

Kwanza, barua iliyo katika jalada la pamoja ni moja. Mmoja akiifuta kabisa, imefutika kwa wote. Ndiyo sababu ruhusa ya kufuta hupewa wachache.

Pili, liko jina la pekee katika kanuni zile, lenye maana ya "mtu yeyote". Anayelipa jina hilo ruhusa ya kusoma amefungua mlango, na hata wapita njia wataingia.

Tatu, katika seva nyingi jalada jipya hurithi ruhusa za jalada lililolizaa. Basi asiweke mtu jalada la siri ndani ya jalada la wazi kabla ya kutazama ruhusa zake.

Nne, wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Makarani wawili wakisoma barua moja, kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenzake ameijibu, au wote wawili wakajibu maneno yanayopingana. Na wapatane: ajibuye atie alama papo hapo, na mmoja awe na zamu ya kutazama barua zisizo na alama kila jioni.

Mambo haya si ya adabu tu. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, zipasazo kulindwa kuliko nyingine. Kwa hiyo atoaye ruhusa ya jalada la wagonjwa ameshika jambo zito mikononi mwake, hata kama kazi yenyewe ni kubonyeza mara mbili tatu.

Ninyi mnaosoma leo, baadhi yenu mtakuwa makarani, walimu, waganga na wahasibu. Mtapewa kutunza barua za watu msiowajua. Kabla ya kulifungua jalada kwa mtu, jiulizeni maswali mawili: Je, kazi ya mtu huyu yamtaka asome humu? Na mimi nisipokuwapo, ni nani atakayemjibu mwenye kungoja? Mwenye kuyajibu yote mawili vizuri amekwisha kujua kutunza majalada.

Maswali

1. Masjala ni nini, nayo yafanana na seva kwa jambo gani?
2. Eleza tofauti ya POP na IMAP. Kwa nini majalada ya pamoja yahitaji njia ya pili?
3. Ni hasara gani mbili zitokeazo watu wote wakitumia neno moja la siri?
4. Katika shule yenu, fikiri jalada la barua za mitihani. Ungempa nani herufi r, nani herufi i, na nani herufi a? Toa sababu.
5. Makarani wawili wafanye nini ili barua moja isijibiwe mara mbili?