Damu Isomwe Kwanza, Jirani Asihukumiwe



Mtoto akifa ghafula huku akitokwa damu, hapa kwetu Likasi swali la kwanza ni moja: "Nani amemuroga?" Kabla ya kujibu, sikieni habari ya Mangala.

Mangala ni kijiji cha Bas-Congo, jimbo linaloitwa leo Kongo-Central. Mwaka 2009, kijana wa miaka 15 alitokwa damu puani na mdomoni, akafa baada ya siku chache. Kisha msichana wa miaka 13, wa shule ile ile, akafa vilevile. Halafu akaugua muuguzi aliyewahudumia. Huyu alipona.

Damu ya muuguzi ilipimwa Ebola na Marburg: hakuna. Ndipo ikasomwa herufi kwa herufi huko San Francisco, Marekani.

Inasomwaje? Kila kiumbe kina maandishi ndani ya mwili wake, ya herufi 4 tu zinazopangwa kwa namna nyingi. Mashine husoma mamilioni ya vipande vya maandishi hayo katika damu. Wataalamu huondoa vipande vya mtu mwenyewe, kisha hulinganisha vinavyobaki na virusi vinavyojulikana. Hapo walikuta virusi vipya kabisa, ndugu wa mbali wa virusi vya kichaa cha mbwa. Septemba 2012 vikatangazwa kwa jina la virusi vya Bas-Congo.

Tena, muuguzi mwingine aliyemhudumia yule wa kwanza hakuugua, lakini damu yake ilionyesha kwamba mwili wake ulikwisha kupigana navyo.

Hata hivyo, wataalamu walisema tu kwamba wanavishuku virusi hivyo, kwa sababu damu ya wale watoto wawili haikupatikana ipimwe. Wenye mashine walijizuia baada ya miaka 3 ya kazi. Sisi je, tunamtaja mama mzee kuwa mulozi kwa usiku mmoja?

Someni Walawi 13. Kuhani aliyeona alama ya mashaka hakuhukumu siku ile. Alimtenga mgonjwa siku 7, akamwangalia tena.

Basi, mtu akitokwa damu, msiiguse kwa mikono mitupu. Mpelekeni hospitali mapema, damu yake ichukuliwe angali hai. Tuombe tukiwa njiani, na tuombe tukingoja majibu. Lakini jina la jirani lisitoke kinywani mwetu.

Bwana awabariki.